Kupotea kwenye Mstari Mnyoofu: Siri ya Msitu wa Mazingaombwe katika Super Mario World

Katika michezo ya video ya kuruka majukwaa, kulia ndiko mbele. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini kila aliyewahi kushika pedi ya mchezo anaijua. Mhusika anasimama upande wa kushoto wa skrini, unabonyeza kulia, anakimbia, anaruka shimo, anamkanyaga adui, na mwisho wa steji uko hukohuko kulia. Ukirudi kushoto, basi umefuata sarafu uliyoiacha. Hata mtoto asiyejua kusoma hahitaji kuulizia njia.

Sasa mpe mbunifu wa mchezo wa aina hiyo kazi ya kutengeneza msitu wa kutisha. Miti ataichora, giza ataliweka, mizuka ataileta. Lakini tangu watu waanze kusimuliana hadithi, kinachotisha msituni si chui wala mzuka peke yake. Kinachotisha zaidi ni kupotea. Je, mtu atapoteaje kwenye mstari mnyoofu?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitolewa na Nintendo mwaka 1990, ndani ya Super Mario World. Mchezo huo ulitoka Japani tarehe 21 Novemba mwaka huo pamoja na mashine mpya ya Super Famicom, ukafika Marekani mwaka 1991 na Ulaya mwaka 1992. Mkurugenzi wake alikuwa Takashi Tezuka, mtayarishaji Shigeru Miyamoto, na muziki ulitungwa na Koji Kondo. Safari ya Mario imegawanywa katika maeneo makuu saba, na la tano ni msitu uitwao Forest of Illusion. Hapa nitauita Msitu wa Mazingaombwe.

Ukiutazama haraka huoni cha ajabu. Una steji nne zenye jina la msitu wenyewe, zilizopewa namba 1 hadi 4. Una Nyumba ya Mizuka, jumba la swichi ya buluu, ngome moja, steji ya siri, na kasri la Roy, mmoja wa watoto saba wa kifalme wanaomlinda Bowser, adui mkuu wa mchezo. Steji ya pili hata si msitu, ni ya kuogelea majini. Kuna viwavi wakubwa waitwao Wiggler, ambao walionekana kwa mara ya kwanza katika mchezo huu: wanatembea polepole wakiwa na ua kichwani, na ukiwakanyaga wanageuka wekundu kwa hasira na kuanza kukimbia. Kuna viputo vinavyoelea angani vikiwa na maadui ndani yake. Hakuna damu, hakuna kilio usiku, na maadui wengi si wakali kuliko wale uliokwisha kuwashinda. Kitisho cha msitu huu hakipo ndani ya steji zake. Kipo kwenye ramani.

Kabla Mario hajaingia steji yoyote, mchezaji humwona akiwa mdogo juu ya ramani ya dunia nzima, amesimama kwenye nukta. Kila nukta ni steji. Akiimaliza, njia inajichora yenyewe hadi nukta inayofuata, naye anatembea juu yake. Nukta za njano ni steji zenye njia moja ya kutokea. Nyekundu zina mbili. Njia ya kawaida ni milingoti miwili iliyo mwishoni mwa steji, yenye utepe unaopanda na kushuka katikati yake. Njia ya pili kwa kawaida ni tundu la ufunguo lililofichwa. Unautafuta ufunguo, unaubeba mikononi au ndani ya mdomo wa Yoshi, mnyama anayepandwa na Mario, unaufikisha kwenye tundu, nalo linapanuka, jeusi tii, hadi linammeza Mario. Hapo njia nyingine inajichora kwenye ramani.

Mchezo mzima una njia 96 za kutokea, na ukizipata zote faili lako huwekewa nyota. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezaji anajua kwamba kuna siri.

Ila kujua kwamba siri zipo si sawa na kuzihitaji, na mtego umejengwa hapo. Katika maeneo manne ya kwanza, siri ni ziada. Kule Donut Plains, mtu anayefuata milingoti tu atafika kwenye kasri la eneo bila tatizo. Vanilla Dome, hivyohivyo. Kwenye madaraja ya eneo la nne kuna steji iitwayo Cheese Bridge ambayo milingoti yake ya pili iko mbele ya ile ya kwanza, na inabidi upite chini ya utepe ili kuifikia. Lakini asiyejua habari hiyo anaendelea na safari yake bila kukwama. Mchezo unakuzoesha ahadi moja, steji baada ya steji: fika mwisho wa steji, nami nitakusogeza mbele. Siri ni za wenye muda na ufundi.

Unapoingia msituni, ahadi hiyo inavunjwa bila neno.

Unamaliza steji, njia inajichora. Unamaliza nyingine, njia inajichora tena. Unaingia Nyumba ya Mizuka, unahangaika na milango yake, unatoka, njia inajichora kama kawaida, Mario anaanza kutembea, na unagundua kwamba anarudi kwenye steji ya 1. Umezunguka. Hujakosea kuruka, hujaanguka shimoni, hujapoteza hata uhai mmoja. Umeshinda kila kitu, na ushindi wako ndio uliokurudisha ulikotoka. Ukigundua kwamba Nyumba ya Mizuka ina mlango wa pili, utafika steji ya 4 na kudhani umetoboa. Maliza steji hiyo kwa milingoti ya kawaida, na njia yake itakurudisha kwenye steji ya 2.

Mtu anayeichora ramani hii kwenye karatasi ataona ulivyopangwa. Njia za kawaida zimefungwa zikawa mduara, au miduara miwili inayogusana. Hakuna hata moja inayotoka nje. Kasri la Roy linaonekana pale kwenye ramani, lakini mlango wake pekee ni tundu la ufunguo lililo ndani ya steji ya 3. Tundu la steji ya 2 linakupeleka kwenye jumba la swichi ya buluu. La steji ya 4 linafungua steji ya siri, kisha ngome, kisha nyota inayoingia Star World, eneo la siri lenye njia za mkato. Kwa hiyo kilichokuwa ziada kimekuwa lazima, na kilichokuwa lazima kimekuwa mtego.

Ninaona ni moja ya mbinu bora zaidi za ubunifu katika historia ya michezo ya video, na sababu yangu si werevu wake tu. Ni ukweli wake kwa hali ya kupotea. Aliyepotea msituni hajui kosa lake liko wapi. Anatembea vizuri, miguu ina nguvu, kila hatua anayoipiga ni hatua ya kawaida, halafu anaufikia mti ambao alikwisha kuupita. Pwani yetu ina wazee wanaosimulia watu waliochezewa na majini, wakatembea usiku kucha na kupambazukiwa chini ya mbuyu uleule. Simulizi hizo hazisemi kwamba mtu alisimama au alianguka. Zinasema alitembea.

Sayansi nayo imelichunguza jambo hili. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ambamo watu waliwekwa kwenye msitu mkubwa wa Bienwald na kuambiwa watembee moja kwa moja kwa saa kadhaa, huku wakifuatiliwa kwa setilaiti. Wanne waliotembea siku ya mawingu wote walizunguka, na watatu kati yao walivuka nyayo zao wenyewe bila kujua. Wawili waliotembea wakiliona jua walishika njia karibu iliyonyooka. Bila alama ya mbali ya kujipima, mwili unapinda kidogo kidogo, na mtu anaamini kabisa kwamba anaenda mbele.

Katika Msitu wa Mazingaombwe, jua la mchezaji ni ile imani kwamba milingoti humaanisha mbele. Wabunifu waliliondoa jua hilo, wakaacha kila kitu kingine mahali pake. Ndani ya steji, kulia bado ni mbele. Ni juu ya ramani tu ambapo mbele imekuwa nyuma. Hivi ndivyo walivyotatua lile swali la mstari mnyoofu: waliuacha mstari kama ulivyo, wakazifunga ncha zake.

Nyumba ya Mizuka inastahili kuzungumziwa peke yake. Katika mchezo huu Yoshi haingii kwenye nyumba za namna hiyo. Mario humwacha nje na kuingia mwenyewe, na kwa mchezaji aliyezoea kupanda mnyama anayemeza maadui, hilo peke yake ni upweke. Ndani kuna Boo, mzuka mweupe wa mviringo aliyeanza katika Super Mario Bros. 3 mwaka 1988. Ukimtazama, anaziba macho kwa mikono na kusimama. Ukimpa mgongo, anakufuata. Miyamoto amewahi kusimulia kwamba wazo hilo lilitoka kwa Tezuka, ambaye mkewe, mwanamke mpole kwa kawaida, siku moja alimfokea kwa sababu ya kushinda kazini kupita kiasi. Kutokana na habari hiyo ya nyumbani wakapata adui ambaye kanuni yake inapigana na kanuni ya mchezo wenyewe: unataka kwenda kulia, lakini anayekufuata yuko kushoto, na ukitaka asimame lazima ugeuke umtazame. Kila hatua ya kwenda mbele ni hatua ya kumpa mgongo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulipita. Super Mario World haikuruhusu kuhifadhi mchezo popote unapotaka. Inakuuliza kama unataka kuhifadhi baada ya kumaliza mahali maalumu tu: makasri, ngome, majumba ya swichi, na nyumba za mizuka. Kwa mchezaji aliyenaswa kwenye mduara wa msitu, asiyejua bado tundu lolote, mahali pa kuhifadhi ni Nyumba ya Mizuka. Akitaka kuzima mashine alale bila kupoteza kazi yake, apite kwanza kwa Boo. Sijui kama lilikusudiwa, lakini athari yake ni kubwa: mahali panapotisha kuliko pote ndipo pia mahali pa kupumzikia.

Wabunifu hawakuvumbua mduara huu ghafla. Mwaka 1985, katika Super Mario Bros. ya kwanza, kasri la steji 4-4 lilikuwa na njia za juu na za chini. Ukichagua vibaya, kasri linajirudia bila mwisho hadi muda uishe. Steji 7-4 ilirudia mbinu hiyo kwa ugumu zaidi. Mwaka 1986, watu haohao, Miyamoto na Tezuka, walitoa The Legend of Zelda, yenye msitu wa Lost Woods ambao skrini yake inajirudia milele usipopita kwa mpangilio sahihi: kaskazini, magharibi, kusini, magharibi. Miaka ya baadaye, katika Ocarina of Time ya mwaka 1998, Lost Woods ikarudi na dalili nyingine: njia sahihi ni ile ambayo muziki unasikika zaidi ukiielekea.

Tofauti ni hii. Lost Woods inakurudisha papo hapo. Unatoka juu, unaingia chini, na ndani ya sekunde tano umeelewa kuwa kuna kitendawili. Msitu wa Mazingaombwe unakuchelewesha. Unatumia nusu saa, labda jioni nzima, kabla hujatambua kuwa unazungushwa. Na kwa kuwa kila steji ni tofauti, huoni kurudia hadi nukta ileile iwe chini ya miguu yako. Mduara mfupi ni fumbo. Mduara mrefu ni mashaka, na mashaka ndiyo yanayofaa msitu.

Wengine waliotengeneza misitu ya kutisha walipita njia nyingine kabisa. Rare, kampuni ya Twycross, Uingereza, ilitoa Donkey Kong Country 2 mwaka 1995 kwenye mashine hiyohiyo ya Nintendo, na eneo lake la tano nalo ni bonde la misitu na mizuka, Gloomy Gulch. Huko njia haizunguki. Msisimko wote uko ndani ya steji. Katika Ghostly Grove unarukia kamba za mizuka zinazotokea na kufifia, na ukizikosea hesabu mikono yako inashika hewa. Katika Gusty Glade upepo unabadilika, mara unakusukuma mbele, mara unakurudisha, na majani yanayopeperuka ndiyo yanayokuambia unavuma upande gani. Katika Haunted Hall unakimbizwa na mzuka huku ukiwa ndani ya behewa, na muda unayoyoma. Mwishoni unapambana na Kreepy Krow, ambaye ni mzuka wa ndege uleule uliyemuua mwishoni mwa eneo la kwanza.

Muziki wa David Wise kwa misitu ile ni wa taratibu, wenye huzuni kuliko hofu. Mtu anaweza kuusikiliza alale. Naona ni uamuzi wa kipekee, kwa sababu mtunzi mwingine angepiga sauti kali ili mchezaji ashtuke. Wise aliuacha msitu uwe mahali palipofiwa. Kondo alikuwa amefanya kitu cha karibu na hicho miaka mitano kabla: katika Super Mario World alichukua wimbo mmoja wa msingi akaubadilisha mwendo na vyombo ili utumike nchi kavu, majini na mapangoni, na ukimpanda Yoshi ngoma zinaongezeka. Masikio yanaambiwa kuwa dunia ni moja hata inapokugeuka.

Baadaye ikaja Limbo, mchezo wa mwaka 2010 kutoka kwa Playdead wa Copenhagen, ambamo mvulana anazinduka msituni, kila kitu ni cheusi na kijivu, na buibui mkubwa anangoja. Hofu ya Limbo ni ya macho: huoni mtego hadi umekukata, kisha unaanza upya hatua chache nyuma. Ni mchezo mzuri sana. Lakini hata humo kulia ni mbele, na ahadi ya kulia haivunjwi. Unajua unakokwenda, hujui tu kitakachokuua njiani.

Je, Nintendo ilimtendea haki mchezaji? Wapo wanaolalamika kuwa msitu huu unamkwamisha mtoto, na malalamiko yao yana uzito, kwa sababu matundu mengine yamefichwa kweli na hakuna anayekuambia kuwa sasa ni lazima uyatafute. Mimi naona dalili zipo za kutosha. Nukta nyekundu zinaonekana kwenye ramani. Kufikia hapo umekwisha kufundishwa ufunguo na tundu mara kadhaa, mahali ambapo kukosa hakukugharimu kitu. Na kuna rehema moja kubwa: mduara hauna adhabu. Kila mzunguko unaokota sarafu, unaongeza uhai, unaijua steji vizuri zaidi, na kadiri unavyoizoea ndivyo unavyoanza kutazama pembeni: juu ya mawingu, nyuma ya ukuta, kwenye mabomba uliyokuwa ukiyaruka kwa haraka. Wabunifu walitaka uache kukimbia, na hawakupata njia nyingine ya kumwambia mtu aliyezoea kwenda kulia asimame.

Eneo linalofuata, Chocolate Island, linajaribu mbinu hiyo tena kwa ufupi: steji yake ya 3 ina milingoti ambayo njia yake inapinda na kukurudisha kwenye nukta hiyohiyo. Aliyetoka msituni hababaiki. Anapiga jicho kwenye nukta nyekundu na kurudi ndani kutafuta.

Kuna pia wasiouona kabisa. Wanaoshindana kuumaliza mchezo kwa kasi huingia Star World kupitia njia ya siri ya Donut Plains, wakatokea karibu na kasri la Bowser, na kwa njia 11 tu za kutokea kati ya 96 wamemaliza. Kwao msitu ni picha tu kwenye ramani.

Kwa anayetaka kuujaribu leo, Super Mario World ilitolewa upya kwa Game Boy Advance mwaka 2002 huko Marekani, na tangu Septemba 2019 imo kwenye mkusanyiko wa michezo ya zamani ya Nintendo Switch Online. Ushauri wangu ni kuingia msituni bila video ya mwongozo, ukiwa na karatasi na kalamu. Chora nukta, chora mishale, na kila unaporudishwa andika ulirudishwa kutoka wapi. Karatasi hiyo itakuonyesha tundu la kasri la Roy lazima liwe steji ipi kabla hujaliona kwa macho. Ukifika kwa Roy, jihadhari: anapanda kuta hadi kwenye dari, anakudondokea kichwani, na muda wote huo kuta za chumba zinasogeleana.